Baji ya Shingoni na Heshima ya Mtu

Jambo tunalotaka kulizungumzia mara hii laweza kuonekana dogo. Si ndoa, si mahari, si urithi wa shamba, mambo ambayo kitabu chetu kimezoea kuyajadili. Ni kile kikaratasi chenye jina, kilichofungwa ndani ya plastiki na kuning'inizwa shingoni kwa kamba, ambacho siku hizi sherehe za hapa Kindu hazikikosi. Tunakiita baji. Tulikivaa na kukivalisha watu miaka mingi bila kukifikiria, mpaka siku moja kikatutia haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Ilikuwa siku ya utamaduni ambayo chama chetu wenyewe kiliitayarisha, katika komini ya Kasuku. Tulikodi ukumbi, tukakodi viti, tukatoa michango kwa ajili ya mchele, samaki na mihogo. Kwa kuwa miaka iliyotangulia watu wasioalikwa walikuwa wakiingia kwa wingi na kumaliza chakula kabla wacheza ngoma hawajala, komite iliamua kwamba safari hii hakuna mtu atakayepita bila baji. Vijana wanne walichaguliwa kuwa watu wa protokole. Walivaa mashati meupe na tai, wakasimama mlangoni wakiwa na orodha.

Basi tulikuwa tumemwalika mzee mmoja wa Kirega, wa upande wa Kalima, aje kutufafanulia vitu vya bwami. Jina lake hatulitaji, maana yeye hakuomba jambo lake liandikwe. Alifika mjini siku moja kabla, akalala kwa mjukuu wake Alunguli, asubuhi akavuka Lualaba kwa mtumbwi. Alikuja amevaa kofia yake ya nyuzi iliyoshonewa kauri, fimbo mkononi, na mfuko ambao ndani yake mlikuwa na vile alivyotaka kutuonyesha. Kijana wa protokole akamsimamisha.

"Muzee, baji yako iko wapi?"

"Baji njo nini?"

"Kale kakaratasi ka ku shingo. Bila ile, hapana kuingia."

"Mimi njo niliitwa kuja kusema."

"Jina yako haiko ku liste, baba. Miye naambiwa tu."

Jina lake halikuwamo kwa sababu sekretere wetu aliwaandika waalikwa, akawaandika wacheza ngoma, akawaandika wapishi, lakini msemaji mkuu alimsahau, kila mtu akidhani mwenzake amekwisha kumwandika. Mzee hakugombana. Alienda kukaa chini ya mti wa mwembe ng'ambo ya barabara. Alikaa pale zaidi ya saa moja, jua likipanda, huku ndani sisi tukitazama saa na kuulizana kwa nini watu wa zamani hawajui kushika wakati. Mama mmoja aliyekuwa akileta masufuria ndiye aliyemtambua na kuja kutuambia.

Tulitoka mbio, tukampigia magoti kwa kuomba radhi. Alicheka. Alimwita yule kijana, ambaye tayari machozi yalikuwa yakimlengalenga, akamwuliza kwa upole: "Mutoto, huu mulango ni wa kulinda batu ao wa kulinda chakula?" Kijana hakujibu. Sisi pia hatukujibu, na tangu siku ile swali lile halijatutoka.

Jambo lililotuuma zaidi tulilitambua baadaye kidogo, alipokuwa amesimama mbele yetu akieleza. Kile alichokuja kutufundisha kilikuwa kichwani mwake wakati wote aliposimama mlangoni. Kofia ile ilikuwa baji. Ilisema yeye ni nani, amefika wapi, na watu gani walimshuhudia. Kijana wetu hakujua kuisoma, na hatuwezi kumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha. Tena siku ileile tuliona ndani ya ukumbi kijana mwingine, tunamfahamu, amevaa baji yenye jina la binamu yake ambaye alikuwa safarini Kisangani. Huyo aliingia bila shida. Alikula mara mbili.

Wengi wetu tunaosoma kitabu hiki tumesikia habari za bwami, lakini tumezisikia kama hadithi za bibi, nusunusu. Warega, ambao wako katika teritware ya Pangi hapa kwetu, na Shabunda na Mwenga kule Kivu ya Kusini, walikuwa na ushirika huu wenye ngazi. Kwa wanaume kulikuwa na kongabulumbu, ndipo kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Ngazi zile za juu nazo ziligawanyika. Wanawake walikuwa na ngazi zao, bombwa, bulonda na bunyamwa, zikifuatana na ngazi za waume zao. Mtu hakuzaliwa kindi. Alipanda, na kila hatua ilidai mali ya kugawa, jamaa wa kumsaidia kuikusanya, walimu wa kumwongoza, na tabia ambayo wenzake waliipima miaka na miaka. Mgomvi, mzinzi, mtu wa maneno mengi, aliambiwa angoje. Wengine walingoja mpaka wakafa.

Kila ngazi ilikuwa na alama zake. Aliyefika lutumbo lwa yananio alipewa lukwakongo, kinyago kidogo cha mti chenye ndevu za nyuzi. Ni kidogo, pengine kinaenea kwenye kiganja, na si lazima kivaliwe usoni. Hushikwa mkononi, huwekwa kwenye paji la uso, hutundikwa kwenye ua, huburutwa chini kwa ndevu zake, na kila tendo lina fundisho lake linalokwenda pamoja na mithali na ngoma. Wa kindi walikuwa na vya pembe za ndovu, vinyago na sanamu, na kofia zao za juu ziliwekwa mkia wa tembo. Mwenyewe alipofariki, alama zake ziliwekwa juu ya kaburi, halafu jamaa mmoja alizitunza mpaka apatikane yule atakayepanda na kustahili kuzipokea. Kuzitunza hakukumpa mtunzaji ngazi. Alishika kitu cha mwingine, na kila mtu alijua hivyo.

Tunarudia hapo: kila mtu alijua hivyo. Lukwakongo ingeweza kuibiwa, ndiyo. Lakini mwizi angeipeleka wapi? Katika mkutano wa wenye ngazi ile wangemwuliza nani alikuwa mwalimu wako, ulipanda katika kijiji gani, mbuzi zako alikula nani, fundisho la kitu hiki ni lipi. Kitu chenyewe hakikufungua mlango. Mlango ulifunguliwa na watu waliokumbuka, na kitu kilikuwa kumbukumbu yao iliyochongwa. Kwa hiyo kuazima baji ya bwami lilikuwa jambo lisilo na maana, sawasawa na kuazima kovu la mtu.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu tunajua wako wenzetu ambao, wakisikia neno mila, hufumba macho na kusifu. Mlango wa bwami ulikuwa na ukali wake. Maskini asiye na jamaa wa kumchangia alibaki nje hata kama moyo wake ulikuwa mzuri. Mwanamke aliingia kwa kufuata ngazi ya mume. Wasioingia waliondolewa wakati mambo ya juu yalipoanza. Hatusemi basi kwamba mlango ule ulikuwa wa haki kuliko wetu. Tunasema ulikuwa na jambo moja ambalo wetu umelipoteza, na jambo hilo tumechelewa kulitambua.

Lenyewe ni hili. Katika bwami, kadiri mtu alivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyobeba alama nyingi zaidi. Mdogo alikuwa na chache au hana. Mkubwa alionekana toka mbali, na kwa kuonekana alifungwa: hakuweza kupigana barabarani, hakuweza kutukana, hakuweza kukataa mgeni, kwa kuwa kofia ilimsema. Sasa tazameni sherehe zetu za leo. Nani anavaa baji? Mpishi anavaa. Mcheza ngoma anavaa, baji ikimgongagonga kifuani anaporuka. Mbeba viti anavaa, dereva anavaa, mwandishi wa redio anavaa. Mheshimiwa je? Mheshimiwa hapewi hata kuulizwa. Anashuka kwenye gari, walinzi wake wanasukuma mlango, na nyuma yake wanaingia watu kumi na wawili ambao hakuna aliyewahesabu. Ukimpa baji, msaidizi wake anaipokea na kuitia mfukoni. Tumeshasikia mtu akisema wazi: "Mukubwa haiko mutu ya kuvalisha karatasi."

Baji imegeuka basi. Zamani ilimwonyesha yule aliyeaminiwa. Leo inamwonyesha yule anayeshukiwa. Aliye mkubwa hupita kwa uso wake, na aliye mdogo hupita kwa karatasi.

Tulijiuliza mgeuko huu ulitoka wapi, na tukakuta mwaka mmoja ambao unastahili kukumbukwa: 1948. Mwaka huo serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami, kwa kuiona kuwa ni chama cha siri kinachoweza kuleta maasi. Na mwaka huohuo serikali ileile ilianzisha karte mpya kwa ajili ya Wakongomani, ile iliyoitwa carte du mérite civique. Kwa kuipata, mtu alipaswa kujua kusoma na kuandika au awe ametumikia kwa miaka mingi, asiwe na wake wawili, asiwe na hatia ya wizi au ya uchawi. Aliyeipata aliondolewa baadhi ya adhabu na makatazo yaliyowabana wenzake. Mwaka 1952 ikaongezwa nyingine kubwa zaidi, ya immatriculation, na hapo tume ilifika mpaka nyumbani kwa mwombaji kutazama anakula kwa uma au kwa mkono, na mkewe anasema Kifaransa namna gani. Patrice Lumumba, ambaye akiwa kijana alifanya kazi hapa kwetu Kalima katika kampuni ya madini, alinyimwa mara ya kwanza, na akaipata tu mwaka 1954 baada ya kudai tena. Mtu kama Lumumba! Mpaka uhuru unakaribia, waliopata karte hizo mbili katika nchi nzima hawakufika hata elfu mbili na mia tano.

Hatudai kwamba wale maofisa walikaa mezani siku moja wakasema, tuwanyang'anye kofia tuwape karatasi. Amri hizo mbili zilitoka katika ofisi mbalimbali na kwa sababu mbalimbali. Lakini kwa mzee wa Pangi aliyeishi wakati ule, mambo yote mawili yalimfikia pamoja: alama uliyopewa na wenzako waliokujua ni kosa, na alama utakayopewa na mtu asiyekujua ndiyo heshima. Tangu hapo mtu anaonyesha karatasi kwa aliye juu yake. Hakuna tena aliye juu anayeonyesha karatasi kwa aliye chini. Na baada ya uhuru mwaka 1960 tuliirithi desturi hiyo pamoja na ofisi, mihuri na vizuizi vya barabarani. Nani kati yetu hajasimamishwa kwenye kizuizi na kuulizwa karte, huku gari la mkubwa likipita limepandisha vioo? Tangu mwaka 2005 karte ya mchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, na tunaitunza kama yai, kwa kuwa bila hiyo raia si mtu mbele ya askari.

Vile vinyago vyenyewe mwajua vilikokwenda. Vingi viko Ulaya na Marekani, katika nyumba za makumbusho, Tervuren na kwingineko, na katika nyumba za matajiri. Mwaka 2001 makumbusho ya Fowler kule Los Angeles yalitoa kitabu kizima juu ya sanaa ya Warega, kizuri kwa macho. Vitu vimesafishwa, vimepigwa taa, vimewekwa nyuma ya kioo. Anayelipa tiketi anaingia kuviona. Baji iko pale, mwenyewe hayupo, na anayelinda mlango hawezi kumwuliza mtu yeyote mbuzi zake alikula nani.

Sasa atasimama msomaji mmoja na kusema: haya, kama baji imekuwa ya dharau, tuiondoe, tuache milango wazi kama kwenye matanga. Wazo hilo lina uzuri wake. Kweli kwenye kilio hapa Kindu hakuna baji. Mtu akifiwa, turubai linafungwa barabarani, na anayepita anakaa, awe Mkusu, Mzimba, Msongola, Mrega, Mgenya, Mbangubangu, awe Mwislamu au Mkristo, awe anamjua marehemu au hamjui. Wapo vijana ambao, tuseme ukweli, huzunguka matanga ya mji wakila wali kila usiku, na wenye msiba huwajua na huwaacha. Kumfukuza mtu kwenye kilio ni aibu ambayo familia haiwezi kuioga ikatoka. Basi hata desturi yetu inajua kwamba kuna mikusanyiko yenye mlango na mikusanyiko isiyo na mlango.

Lakini mkusanyiko wenye mlango ukiuacha bila mlinzi, watu hufa. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika uwanja wa Stade des Martyrs kule Kinshasa, siku ya onyesho la Fally Ipupa, watu waliingia kuliko nafasi iliyokuwepo, pakatokea msongamano, na serikali ilitangaza vifo vya watu 11, pamoja na askari polisi. Wale waliokufa walikuwa watu waliotoka nyumbani wamevaa vizuri kwenda kusikiliza muziki. Hatuwezi tukaandika maneno matamu juu ya ukarimu wa Kiafrika tukalisahau hilo. Ukumbi wetu wa Kasuku ni mdogo, lakini una mlango mmoja tu wa watu, na dirisha zake zina nondo. Siku tulipofanya hesabu hiyo katika komite, kila mtu alinyamaza. Tulikuwa tumepanga walinzi kwa sababu ya samaki, na hakuna aliyekuwa amefikiria moto.

Hapo ndipo swali la mzee lilipotushika vizuri. Mlango ni wa kulinda watu au wa kulinda chakula? Kama ni wa kulinda watu, basi kila anayepita lazima ahesabiwe, mkubwa kwa mdogo, maana katika msongamano kifua cha mheshimiwa hakina mbavu nyingi kuliko cha mpishi. Watu kumi na wawili wanaoingia nyuma yake wanachukua pumzi ileile. Kama ni wa kulinda chakula tu, basi tuseme hivyo wazi, na tusijifanye ni utaratibu.

Tunataka pia tuseme neno kwa ajili ya kijana wa mlangoni, maana yeye hana mtetezi. Tunamsimamisha pale toka asubuhi, bila kiti, mara nyingi bila chakula mpaka jioni, tunampa amri ambayo sisi wenyewe tunajua haitashikwa: asiingie mtu bila baji. Akimzuia mzee asiye na karatasi, tunamgombeza kwamba hana adabu. Akimzuia mheshimiwa, tunamgombeza kwamba hana akili. Akimwachia shangazi yake aingie, tunasema ni fisadi. Na shangazi, akizuiwa, atamsema ukoo mzima: mtoto huyu nilimbeba mgongoni, leo ananiuliza jina langu! Yeye aliyezuia anabaki na makosa, aliyetoa amri anabaki na heshima. Tumeshiriki katika jambo hili miaka mingi na hatukuliona kuwa ni dhuluma, kwa kuwa lilikuwa likimwangukia mtu wa miaka kumi na tisa.

Yule kijana wetu wa siku ile, kwa mfano, hakukosa. Aliambiwa asome orodha, akasoma orodha. Waliokosa ni waliomweka mlangoni mwa sherehe ya mila bila kumfundisha mila yenyewe inavyotambulikana. Angeambiwa tu, ukiona kofia ya kauri usimame uite mkubwa, ingetosha.

Basi mwaka uliofuata tulijaribu namna nyingine, na tunaieleza kama ilivyokwenda, si kwa kujisifu, maana haikwenda vizuri yote. Kwanza tulikata shauri kwamba baji ya kwanza ataivaa perezidenti wa chama, ya pili makamu wake, na kuendelea mpaka chini, na kwamba asiyevaa hataingia hata awe nani. Pili, kando ya kila kijana mlangoni tuliweka mtu mzima mmoja, mama au baba anayewajua watu wa mtaa, akae kwenye kiti. Kijana anasoma orodha, mama anasoma uso. Anayefika bila karatasi mama anamwuliza: wewe ni wa nani, uliitwa na nani? Akijulikana, anaandikwa palepale na kupewa baji ya mkono. Tatu, tuliwahesabu watu, na nafasi zilipojaa tulifunga mlango, chakula kikapelekwa nje kwa waliobaki.

Mama zetu walifanya kazi ambayo hakuna karatasi ingeweza kuifanya. Mmoja wao alimtambua kijana aliyevaa baji ya mwingine, akamwita kando bila kelele: "Weye haiko Yusufu. Yusufu miye nilimuzalisha." Kijana alitoa baji, akacheka, akaomba radhi, na mama akamwandika kwa jina lake la kweli. Wengine walisema alipaswa kufukuzwa. Sisi tunaona mama alihukumu vizuri, kwa kuwa kosa lilikuwa la jina na si la nafasi, na nafasi bado ilikuwepo. Lakini mtihani wa namna hiyo hauna jibu moja. Ingekuwa saa ukumbi umejaa, hukumu ingekuwa nyingine.

Ya wakubwa ilikuwa ngumu. Perezidenti wetu alivaa, ingawa alilalamika kwamba kamba inamkwaruza. Wazee wa bwami walivaa baji ya plastiki pamoja na kofia zao, na yule mzee wa Kalima, ambaye alikubali kurudi, aliitazama pande zote mbili, akauliza ni nani aliyeiandika, akaivaa. Mkubwa mmoja wa mji, aliyekuwa ameahidi mchango, alifika amechelewa na watu wake. Kijana alimsalimu kwa adabu, akamwonyesha baji yake iliyokwisha kuandikwa, na baji nne kwa ajili ya wasaidizi. Watu walikuwa tisa. Mama aliyekaa kando alisema, "Baba, nafasi ni tano, na moja ni ya kwako. Karibuni." Alisimama kidogo. Akageuka, akarudi kwenye gari, na wote wakaondoka naye.

Kwa jambo hili komite yetu imegawanyika hadi leo. Wako wanaosema tulimvunjia mtu heshima, na kwamba mgeni hahesabiwi kama magunia. Wanasema pia, na hapo hawakosei, kwamba mila yetu haikupima wakubwa mlangoni kwa midomo ya watoto, na kwamba mkubwa katika bwami alikuja na watu wake. Wengine, na sisi tunaoandika tumo kati yao, wanajibu kwamba mkubwa wa bwami alikuja amevaa, na watu wake walijulikana mmoja mmoja. Wangekuja watu wanne wasiojulikana nyuma ya kindi, yeye mwenyewe angewazuia, kwa sababu aibu ingekuwa yake. Bado hatujapatana. Mmoja wetu alitaka kujiuzulu, tukamsihi akabaki.

Mchango ule haukuja. Tulikuwa tumeutegemea kwa kulipa viti, na mwenye viti alikuja kutudai mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mbele ya watu. Wanachama walichangishana tena, kila mmoja kwa kadiri yake, na yule kijana wa protokole naye akaleta kidogo ingawa hakuna aliyemwomba. Deni tulilimaliza mwezi wa tatu. Kuhusu sherehe ijayo, mkutano mkuu utaamua kama mlango utakuwa namna ileile, na mama wawili waliokaa pale wamekwisha kusema kwamba wakiitwa tena watakuja, ila safari hii wapewe kiti chenye mgongo.